Mwaka Bluu Iliponipotea

Ndani ya ndoo, glezi tuliyoipenda kuliko zote ilionekana kama uji wa wimbi uliotiwa maziwa mengi. Mgeni akiichungulia hawezi kuamini kwamba ndiyo ile ile inayotoka kwenye tanuri ikiwa bluu. Tena haitoki ikiwa bluu moja. Pale ilipokaa nzito, tumboni mwa bakuli, inakolea na kufanya michirizi myeupe kama mvua inayoonekana kwa mbali. Pale ilipokaa nyembamba, kwenye ukingo na juu ya alama za vidole vya mfinyanzi, inageuka kahawia kama sukari iliyoungua. Wateja waliiita ile rangi inayogeuka. Sisi tuliiita Ndoo ya Nne, kwa kuwa ilikaa ya nne kutoka mlangoni.

Kwa asiyejua, glezi ni unga wa mawe na madini uliokorogwa kwa maji. Chombo kikishachomwa mara ya kwanza unakichovya humo, unakiacha kikauke, kisha unakirudisha motoni, na moto unaugeuza ule unga kuwa kioo kinachokumbatia chombo. Kazi yangu ilikuwa kukoroga, kuchovya, na zaidi ya yote kuchagua.

Sikuisomea. Nilizaliwa upande wa Magharibi, lakini maisha yangu ya utu uzima nimeyaishi Sarang'ombe, Kibera, na kwa miaka mingi niliuza blauzi za mitumba. Huko ndiko nilikojifunza rangi. Mteja akiniambia Jumatatu kwamba anatafuta sketi ya kuendana na blauzi aliyoivaa, Alhamisi niliitoa sketi hiyo kwenye rundo bila kuiona tena ile blauzi. Mmoja wa wateja hao alikuwa na karakana ya ufinyanzi Kawangware. Magoti yangu yalipochoka kuinamia marobota, akanichukua. Tulimwita Madam. Mbali na yeye na mimi kulikuwa na fundi mmoja tu, mwanamume wa kutoka Kitui, ambaye ndiye aliyekalia gurudumu la kufinyangia, ndiye aliyewasha tanuri, na aliniita Mathe, yaani mama.

Kila asubuhi nilipanda kutoka Sarang'ombe hadi Olympic, nikashika barabara, nikapita Dagoretti Corner kwa miguu, na nikifika Kawangware tayari nimeshaona rangi za kunitosha: sare za shule, ndizi, milango iliyopakwa upya. Nilipenda kazi hiyo kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote.

Mteja alikuwa anakuja na picha kwenye simu. "Nataka hii." Simu nilimwambia airudishe mfukoni, kisha nikampeleka kwenye ukuta wa vigae vya majaribio. Kila kigae kilikuwa na ukubwa wa biskuti, na tundu la kukining'iniza kwenye msumari. Nusu ya juu imechovywa mara mbili, nusu ya chini mara moja, na nyuma imeandikwa ni udongo gani na kilikaa wapi tanurini. Maana glezi ya aina hiyo, ukiiweka juu ya udongo mwekundu inakuwa na kiza, na juu ya udongo mweupe inachangamka, na chombo kilichokaa karibu na mlango wa tanuri hakifanani kamwe na ndugu yake aliyekaa katikati. Nilimuuliza mteja atapakua nini. Sukuma wiki inapendeza kwenye kahawia, lakini ndengu kwenye kahawia zinapotea kabisa. Halafu nilimtoa nje na kigae mkononi, kwa sababu chini ya mabati mwanga unadanganya. Na nilimwonya: "Tutakupa jamii ya rangi hii. Pacha wake siwezi kukuahidi."

Siwezi kusema matatizo yalianza lini. Nakumbuka tu kwamba bluu ilianza kupoa. Kwanza niliulaumu unga, nikauchekecha upya. Halafu nikalaumu udongo. Mwisho nikamgeukia fundi, kwa sababu Ndoo ya Nne inataka tanuri lipoe polepole. Ukiharakisha kufungua, bluu haipati muda wa kujikusanya.

"Unafungua mapema," nilimwambia.

"Mathe, sijafungua mapema. Nimeliacha siku mbili."

"Basi mbona bluu imekufa?"

Alikigeuza kikombe mkononi, akakiinua kwenye mwanga. "Imekufa wapi? Si hii hapa."

Niliona anajitetea tu, nikaenda zangu kuosha madumu. Tulikaa siku kadhaa tukisemezana maneno ya kazi peke yake.

Hapo ndipo ilipoingia oda ya mama mmoja aliyekuwa anafungua mkahawa. Alitaka mabakuli arobaini. Alipotoka nje na kigae cha Ndoo ya Nne alicheka kwa furaha, akasema hataki kuona kingine. Fundi alifinyanga ishirini na mawili kwanza, mimi nikayachovya, tukayaingiza, kwa kuwa ndiyo tanuri liliyoweza kubeba. Madam alikuwa amesafiri kwao kwa mazishi, na kabla ya kuondoka aliniachia uamuzi wa mwisho kuhusu rangi.

Tulipofungua, niliona mabakuli yenye rangi ya maji yaliyooshewa sufuria ya maharagwe.

"Haya hatuyatoi," nikasema.

Fundi alinitazama kama mtu anayengoja mzaha uishe. "Hizi bakuli? Hizi ni poa kabisa. Hizi ni bluu kushinda zote tumewahi kutoa."

"Wewe angalia gurudumu lako. Rangi niachie mimi."

"Ngoja basi Madam arudi."

Sikungoja. Nilichukua brashi, nikayapaka yote glezi nyingine juu ya ile iliyokuwepo, nikamwambia ayachome tena. Alitikisa kichwa, lakini akayapanga tanurini na kuwasha.

Kila mfinyanzi anajua kwamba glezi nzito mno hutembea. Tulikuta imeteremka kama nta ya mshumaa, ikapita mguu wa bakuli na kumwagikia rafu za tanuri, na ilipopoa ikayashika mabakuli kama simenti. Fundi alichukua nyundo na patasi. Bado naisikia ile sauti. Kila pigo lilinipata hapa kifuani. Lakini hofu yenyewe haikuja na nyundo. Ilikuja nilipookota kipande na kutazama pale glezi ilipolundikana nene kama kidole. Unene ndio unaoleta bluu. Mahali hapo palipaswa kuwa bluu kuliko kitu chochote nilichowahi kushika, na mimi niliona tope.

Ina maana haikuwa unga, wala udongo, wala tanuri.

Wiki hiyo hiyo binti yangu, ambaye ni fundi cherehani na nakaa naye, aliniomba nipitie Makina nimnunulie uzi wa zambarau. Niliuchagua mwenyewe kwenye sanduku la muuzaji. Nilipompa, akaucheka.

"Mama, hii ni kahawia."

"Amenifungia vibaya," nikasema haraka.

Aliuchukua bila kunishuku. Nilienda nikaketi kitandani, nikaziba jicho moja, kisha lingine. Kupitia jicho la kushoto, balbu ilikuwa na nywele pande zote, na shuka jeupe lilionekana kama limelowekwa kwenye chai. La kulia lilikuwa na nafuu kidogo tu. Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga aliwahi kukaa mama aliyepoteza macho, na ninachokikumbuka ni siku aliyorudishwa kwao mashambani, mkono begani mwa shemeji yake, bila kuulizwa anataka nini. Nililala na picha hiyo kichwani.

Kwa wiki tatu sikumwambia mtu. Kumbe kuficha ni kazi ngumu kuliko kazi yenyewe. Nilivipanga vigae ukutani kwa mstari nilioukariri. Kuchovya hakukunisumbua, kwa sababu kuchovya ni kuhesabu: moja, mbili, tatu, toa, na unene wa glezi niliupima kwa kuukwaruza na ncha ya sindano. Wateja niliwauliza, kama mwalimu anayepima wanafunzi, "Na wewe, hii unaiita rangi gani?" Walidhani ni ujanja wa biashara. Walipojibu nilitikisa kichwa kwa hekima.

Madam aliporudi alikuta rafu mbili zimeharibika na mabakuli hayapo. Nilikuwa chumba cha nyuma, nikasikia anauliza kulienda vipi. Fundi akajibu, "Glezi ilimwagika." Akaishia hapo. Madam akamkemea yeye, kwamba hakuangalia joto, na fundi akakubali kukemewa, mwanamume niliyekuwa nimemfokea mwezi mzima kwa kosa lisilo lake.

Nilishindwa kulibeba hilo. Kesho yake saa ya chai nilimfuata kwenye benchi la nje, nikaweka vigae vitano kati yetu.

"Niambie rangi zake. Moja moja."

"Kwani leo ni mtihani?"

"Nakuomba."

Akaanza kuvigusa kwa kidole. "Hii kijani. Hii kahawia. Hii bluu. Hii nayo bluu lakini ya mbingu. Hii zambarau."

Vitatu kati ya hivyo, kwangu mimi, vilikuwa rangi moja. Nilimwambia hivyo.

Aliweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Sijui. Ndiyo maana nilikuwa nakusumbua. Bluu yako haikufa. Ni mimi."

Nikajiandaa maneno yangu mwenyewe yarudi kunipiga. Badala yake akasema, "Mamangu alikuwa hivyo. Alikuwa anamimina chai nje ya kikombe halafu anagombana na meza. Ilikuwa mtoto wa jicho. Walimtoa, na siku aliyofunguliwa akaniangalia akaniambia, kumbe umezeeka hivi."

Nilicheka na huku machozi yananitoka. "Na kama si mtoto wa jicho?"

"Basi utajua ni nini. Saa hii hujui kitu. Unaogopa tu."

Tuliingia kwa Madam pamoja. Nilimweleza yote, kuanzia mabakuli hadi sindano. Alimgeukia fundi kwanza.

"Na wewe uliniambia ilimwagika."

"Si ilimwagika, Madam? Sikudanganya."

Madam alisimama, akatoka nje, akakaa huko muda uliotosha mimi kupanga maisha yangu upya mara mbili. Nilijiona nimerudi kwenye marobota ya mitumba, ambako pia nisingefaa kitu bila macho. Aliporudi uso wake ulikuwa bado umekunjamana.

"Kuanzia leo hushiki glezi," alisema.

Nikaanza kufungua aproni.

"Vaa hiyo. Nimesema hushiki mpaka upimwe. Utasaidia kukanda udongo." Kisha akachukua simu, akampigia yule mama wa mkahawa mbele yetu, akamwambia kumetokea hitilafu na tunaomba mwezi mwingine. Mama wa mkahawa akajibu kwamba hata jiko lake bado halijawekwa, hana haraka. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeota ndoto mbaya kuhusu simu hiyo, na iliisha kabla maji hayajachemka.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka kliniki. Nilipomweleza njiani alininunia, si kwa sababu ya macho bali kwa sababu ya uzi. "Ungeniambia siku ile ile," alirudia mpaka tukafika. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Aliniwekea matone, akanimulika, akanifanya nitazame juu, chini, kando.

"Ni mtoto wa jicho," alisema. "Macho yote mawili. La kushoto limekomaa zaidi. Unafanya kazi gani?"

Nilimweleza kuhusu Ndoo ya Nne. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea, halafu akaniuliza kama nimewahi kuona taa za gari kuukuu, jinsi plastiki yake inavyogeuka manjano. Lenzi iliyo ndani ya jicho langu ilikuwa imefanya hivyo, alisema, na manjano huizuia bluu kabla ya rangi nyingine yoyote.

"Kwa hivyo bluu ipo?" nikauliza.

"Ipo. Imezibwa tu njiani."

Nililia pale pale kwenye kile kiti chake kirefu. Binti yangu, aliyekuwa mlangoni na hakusikia vizuri, alikuja mbio akidhani nimeambiwa nitapofuka, na ikabidi daktari amtulize yeye kwanza.

Upasuaji wa jicho la kushoto niliuogopa kuliko kujifungua, na ulikuwa mfupi kuliko foleni ya maji. Niliona mwanga, nikasikia watu wakizungumza kwa upole kama wanaoshona, na mara nikaambiwa niinuke taratibu. Nililala na kitambaa juu ya jicho. Asubuhi muuguzi alikibandua, akasafisha, akaniambia nifungue.

Cha kwanza kilikuwa mikono yake.

"Glavu zako ni rangi gani?" nikamwuliza.

"Hizi? Bluu."

"Naweza kuzishika?"

Alinipa mkono akicheka, na mimi nikaupakata ule mkono kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Nadhani alifikiri dawa haijanitoka kichwani.

Nyumbani niligundua mengine ambayo sikuyaomba. Ukuta nyuma ya jiko ulikuwa mweusi kwa moshi, na mimi kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nikijisifu kwa usafi. Binti yangu alikuwa na mvi tatu juu ya sikio. Nilipomwonyesha akaniambia nilale. Jicho la kulia lilikuwa bado na mtoto wake, kwa hivyo niliweza kusimama mlangoni na kuyabadilisha macho kama mtu anayebadilisha miwani: kwa la kulia, soksi nyeupe kwenye kamba ya jirani zilikuwa rangi ya chai, kwa la kushoto zilikuwa nyeupe mpaka zinauma. Tangi la maji la ploti ya pili, ambalo siku zote nililiona jeusi, lilikuwa bluu. Nilifungua na kufumba, kufungua na kufumba, mpaka jirani akauliza namkonyeza nani.

Daktari alinikataza vumbi kwa wiki kadhaa. Nilipokubaliwa kurudi Kawangware, nikiwa na miwani mikubwa ya kujikinga, nilimkuta fundi kwenye benchi anakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Bakuli alilokuwa akilitumia nililitambua kwa umbo lake. Lilikuwa la ile oda.

"Umelitoa wapi?"

"Kabla hujaanza kupaka upya, nilificha moja," alisema. "Niliona ni dhambi."

Alimaliza kula, akalisuuza, akanipa. Nililitoa kwenye jua. Ukingo wake ulikuwa kahawia inayong'aa, na chini ya ukingo bluu ilianza kwa woga, ikakolea, ikafika tumboni ikiwa nzito na michirizi yake yote. Halikuwa na kasoro hata moja. Na nilikuwa nimevunjisha ndugu zake ishirini na moja kwa amri yangu.

"Nisamehe," nilimwambia. "Ulikuwa unaona na mimi nikakwambia uangalie gurudumu."

"Mathe, hiyo imeenda," alisema. Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa Kitui na hawezi kuacha jambo bila kulitia chumvi, akaongeza, "Lakini zile rafu bado zinakulaani."

Tulianza upya. Alifinyanga arobaini na manne, ili manne yawe ya bahati mbaya. Niliikoroga Ndoo ya Nne mpaka chini kusibaki kitu, nikaichuja mara mbili, nikapaka nta kwenye miguu ya mabakuli ili glezi isishike chini, nikachovya kwa hesabu ya tatu na ukingo nikaufuta kidogo kwa sponji ili kahawia ipate nafasi yake. Tulichoma kwa awamu mbili. Kila awamu nilingoja zile siku mbili za kupoa bila kusema neno kuhusu kufungua.

Siku ya kufungua awamu ya pili Madam naye alikuwepo. Fundi aliufungua mlango wa tanuri, na mimi nikageuza uso.

"Niambie kwanza," nikasema.

"Sikuambii kitu. Una macho."

Nikatazama. Joto lilikuwa bado linapanda usoni, na ndani yake kulikuwa na bluu, safu juu ya safu, hakuna bakuli lililofanana na jirani yake na yote yakiwa ya jamii moja. Mawili yaliyokaa kando yalikuwa yameenda kwenye kijani. Moja lilikuwa na doa tupu pale nilipolishika vibaya. Madam alilitoa hilo lenye doa, akaliweka pembeni, akanishika bega akapita. Hakuwa mtu wa maneno.

Mama wa mkahawa alikuja na gari la rafiki yake. Tulikuwa tumeyafunga kwa magazeti, lakini alifungua moja, akafungua jingine, hatimaye akayapanga kumi na mawili juu ya meza ili ayaone pamoja.

"Hili mbona limependelea kijani?" aliuliza.

"Lilikaa kando ya tanuri," nikamwambia. "Ukipenda nalitoa."

"Wacha. Hili ni langu la nyumbani."

Jicho la kulia walilitoa mtoto wake mwezi uliofuata. Nilienda asubuhi na binti yangu, tukapewa nafasi ya tisa, tukakaa kwenye benchi na watu wengine waliokuwa wakishika mikono ya jamaa zao kwa nguvu. Niliwaeleza wawili watatu jinsi inavyokuwa. Halafu nikaegemea ukuta, na nikasinzia usingizi mzito hivi kwamba jina langu liliitwa mara mbili, na binti yangu akalazimika kuniamsha kwa kiwiko.